Baba Yako wa Amagasaki

Amagasaki, 12 Mei 2018

Mwanangu Kanoko,

Hujambo? Bibi yako hajambo, na miguu yake inaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa leo. Bibi ndiye aliyekubali kukufikishia barua hii, usimkasirikie.

Nilipoachana na mama yako ulikuwa unatambaa. Sheria ya hapa ilikuachia mzazi mmoja, na huyo hakuwa mimi. Basi acha nijitambulishe kama mfanyakazi mpya ofisini, nimesimama wima mbele ya wote. Naitwa Gethin. Kwetu ni Wales, kwenye mvua na kondoo. Naandika programu za mashine za tiketi. Ninachopenda ni kufufua michezo ya video ya zamani ya mkononi, ile ya betri ambayo watu wameitupa, na kurekodi milio ya vituo vya treni, ule muziki mfupi kabla milango haijafungwa. Nina kanda kabati zima. Wenzangu wananicheka, nami najicheka. Ningekuwa na la kujivunia zaidi ningelitaja.

Ninalotaka ni moja tu: nikuone, hata mara moja.

Baba yako,
Gethin


Himeji, 30 Juni

Shikamoo.

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nimeanza na shikamoo. Bibi yupo, miguu ndiyo hiyohiyo. Mimi mzima.

Mama aliniambia ulirudi kwenu. Kumbe miaka yote hii uko Amagasaki, saa moja tu kwa treni! Ulikuwa unafanya nini? Unarekodi milango?

Babu anasema wewe ni otaku, mtu wa kujifungia ndani na midude yake. Nikamuuliza ubaya wake nini, akawasha televisheni.

Mwakani nina mtihani wa chuo. Shule, kisha masomo ya ziada, narudi hoi. Usije nyumbani. Usije shuleni. Mama akijua nimekuandikia patachimbika.

Mlio wa kituo cha Himeji unao?

Kanoko


Amagasaki, 4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Babu yako kapatia, otaku ndiye mimi.

Nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nakungoja. Kwetu nilipewa kazi nikaikataa, kwa sababu ningeondoka ningekuwa kweli yule baba uliyesimuliwa. Mama yako simsemi vibaya.

Mlio wa Himeji ninao. Kuna Jumapili nilikuwa nakuja hapo, nasimama jukwaani na kinasa sauti, halafu napanda treni ya kurudi. Nje ya kituo sikuthubutu kutoka.

Siji nyumbani, siji shuleni. Panga wewe.

Baba


Himeji, 9 Septemba

Shikamoo. U mzima?

Samahani kwa kimya. Mama aliiona barua yako. Hakugomba, alilia jikoni, afadhali angegomba. Nikaapa siandiki tena. Haya, naandika.

Jumamosi tarehe 22 ni sikukuu ya shule yetu, kila mtu anaruhusiwa kuingia. Darasa letu linauza tambi za kukaanga uwanjani. Mama atakuja asubuhi, wewe njoo mchana. Nunua kama mteja yeyote. Usiniite, usijitambulishe, na tafadhali usilie. Rafiki zangu wana midomo!

Kanoko


Amagasaki, 23 Septemba

Mwanangu,

Nimekuona! Nilipanga foleni, nikala, nikarudi kwenye foleni. Kama tambi zilikuwa na chumvi au sukari, sijui. Wote mlikuwa mmevaa barakoa na fulana zilezile za njano, vitambaa kichwani, lakini nilikujua papo hapo. Urefu ule ni wa mama yangu mzazi. Ulipouliza, "Mjomba, nikuwekee yai juu?" niliinama tu. Unavyocheka kwa macho, mwanangu!

Sikujitambulisha, nilishika ahadi. Leo uchovu wangu ni mtamu. Hata tusipoonana tena, nimeridhika.

Baba


Himeji, 21 Oktoba

Shikamoo, baba.

Mgongo haukuumi kwa kuinama kule? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha nikakuonea huruma, kisha vyote viwili vikanichosha.

Yule mrefu ni Mizuho. Baba yake anauza matairi Kakogawa. Mimi ni mfupi, nimemfuata bibi. Nilikuwa nyuma yake nakata kabichi.

Nilikujua tangu ulipoingia getini, mgeni pekee wa kutoka ng'ambo, umevaa tai kwenye tambi za shule. Ulipomwinamia Mizuho nilitaka kupiga kelele. Si ungegeuza macho kidogo tu! Lakini wewe unamjua mtoto anayetambaa. Ungenijuaje?

Nilitaka nisikwambie, nikuache na furaha yako. Nimeshindwa. Sitaki uridhike na Mizuho.

Mama nimemwambia. Hajasema ndiyo, amesema niwahi kurudi. Jumapili ijayo, saa nane mchana, mbele ya kituo cha Himeji. Watu watakuwa wengi. Wewe simama tu, usihangaike kunitafuta. Nitakuita mimi.

Mwanao,
Kanoko