Mafuta ya Taa kwenye Karai la Unga

Mkuyuni, Alhamisi jioni. Upepo wa ziwani tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno.

Ko. Ko. Kooo.

Sauti hiyo haijanitoka kichwani tangu bajeti isomwe. Ni baba anagonga pipa la dizeli kwa vifundo vya vidole, anaanzia juu na kushuka taratibu. Palipo patupu, pipa huitika kwa sauti ndefu. Panapoanza mafuta, sauti hukatika. Siku ile vidole vyake vilishuka, vikashuka, vikakaribia sakafu, na pipa likaendelea kuitika.

Redio ilikuwa imeshasema. Ushuru wa dizeli umepanda. Mafuta ya taa hayakuguswa, ili mwananchi wa kawaida asiumie. Fedha itatengeneza barabara, alisema waziri, na mimi sina ugomvi na barabara. Nimepita njia ya Magu wakati wa masika, naijua. Lakini mashine yetu ya kusaga haiendi popote. Imesimama mahali pamoja tangu baba apunguzwe kazi kiwandani na kuinunua kwa kiinua mgongo chake, na kila ikiwashwa inalipia barabara isiyoikanyaga. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya mtu aliyesoma, anayedhani kwamba lazima kuna njia ambayo wengine hawajaiona.

Njia alinionyesha Masanja, jirani yetu, dereva wa lori.

"Dada msomi," aliniambia akicheka, "serikali imekuachia mafuta ya taa, wewe unalia nini? Changanya!"

Nikachanganya.

Ilikuwa Jumamosi, baba na mama wako msibani. Nilichanganya dizeli na mafuta ya taa kwenye dumu, nikayamimina kwenye tangi la injini. Kupimia nilitumia karai la mashine, lile tunalomiminia nafaka za watu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Nikalifuta kwa kitambaa. Miaka yote ile ya shule, na sikujua kuwa kitambaa hakiondoi harufu.

Au nilijua.

Jumatatu, Mama Shija wa nyumba ya tatu akaleta udaga wake, mihogo mikavu ya kusaga. Baba akaumimina kwenye karai hilo, akausaga. Jumanne asubuhi Mama Shija alirudi na unga wote uliobaki kichwani, akautua mbele ya wanawake waliokuwa wamekuja kusaga.

"Baba Neema, mume wangu ananiuliza: jana nilimpikia ugali au nilimwashia taa?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba hakucheka. Alimpimia unga kutoka kwenye gunia letu wenyewe, akamwomba radhi mbele ya wote. Kisha akainua mikono yake, akainusa.

Nilimwona uani akiiosha kwa majivu, halafu kwa sabuni, halafu tena kwa majivu. Alidhani harufu ile ilitoka mikononi mwake, akawa anatafuta kukumbuka kibatari ambacho hakukishika. Siku hiyohiyo alimwambia mama kwamba amezeeka mno kwa kazi inayogusa chakula cha watu, na dizeli nayo imepanda, basi hiyo ni ishara. Yule bwana wa Magu aliyekuwa akiitamani mashine kwa muda mrefu angekuja Jumamosi kuichukua.

Nilikuwepo. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua mchele.

Jana nilinyamaza siku nzima. Sitaki kuipamba siku hiyo kwa maneno.

Leo asubuhi, alipoinama kugonga pipa, nikamwambia. Nilisema yote bila kupumua, nikabaki nimesimama nasubiri.

"Kwa hiyo mikono yangu ni mizima," alisema.

Akaigeukia mashine.

"Na injini yangu uliinywesha takataka hiyo?"

"Kidogo, baba."

"Ndiyo maana ilikuwa inakohoa! Mimi nilidhani mafua."

Akakaa juu ya dumu, akacheka. Halafu akanigombeza, kwa muda mrefu, na kila neno lilikuwa haki yangu.

Alipomaliza nikasema lile nililopaswa kulisema tangu mwanzo. Tunamaliza dizeli kwa kumwashia kila mama karai lake moja, huku injini ikinguruma bure ikimsubiri mwingine. Tuwashe mara mbili tu kwa siku, asubuhi na alasiri, nafaka zikiwa zimekusanyika. Baba akatikisa kichwa. Kwake yeye, mama mwenye nafaka hasubirishwi. Najua sheria hiyo imetoka wapi. Ni miaka ile ya maduka ya ushirika, mama alipokuwa akiweka jiwe kwenye foleni alfajiri limshikie nafasi, na baba akitoka kazini anamkuta bado yuko palepale na jiwe lake. Aliapa kuwa mlangoni kwake hakutakuwa na foleni.

Mama alikuwa anatusikiliza, ana ufagio mkononi.

"Jiwe langu halikuwa na shida, Baba Neema. Shida ilikuwa kufika dirishani ukaambiwa sukari imekwisha. Hapa kwako, mtu atafika aambiwe unga wake umekwisha?"

Baba alimtazama, akaitazama mashine. "Haya, tujaribu," akasema.

Nikaenda kwa Mama Shija. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza kukiri na kumweleza utaratibu mpya alijishika kiuno.

"Kumbe fundi taa ni wewe! Na baba yako akaniomba radhi mimi!"

Aliniahidi kuwatangazia wote, na ametimiza. Lakini saa nne alikuja na karai la mahindi, na juu yake jiwe, akauliza foleni inaanzia upande gani. Nyuma yake yakaja mengine, kila karai na jiwe lake, na wenyewe wakaenda zao sokoni. Wawili walinung'unika. Mmoja alisema tumerudi enzi za foleni za maduka ya kaya. Injini iliwashwa mara moja, ikasaga yote, ikazimwa. Haikukohoa.

Karai la zamani nimelitoboa kwa msumari. Jipya linanukia bati tu.

Sijui kama mara mbili kwa siku zitatosha kuushinda ushuru huo. Baba naye hajui. Ila baada ya chakula cha mchana aliniita, akaniambia nichukue kalamu nimwandikie yule bwana wa Magu, naye akasema maneno machache ambayo nimeyaandika kama alivyoyasema: mashine haiuzwi, asijisumbue kuja Jumamosi. Nilisindikiza barua hiyo mwenyewe mpaka stendi ya Buzuruga, nikaitia mkononi mwa kondakta, nikasimama mpaka basi likaondoka.

Saa hizi imeshafika Magu.