Papai la Kiraho

Jumatatu, 6 Februari 1956

Malori mawili, basi moja la Lamu. Ng'ombe hawakuvuka. Mto umeshuka tena. Pantoni imekwama mchangani mara mbili, wavuta kamba wakaingia majini kusukuma, na mimi, karani wa kivuko, nikabaki juu na daftari langu kama bwana mkubwa. Wamenitukana kwa Kipokomo wakidhani sielewi. Nimeelewa.

Nimefika nyumbani nikakuta ugomvi. Mbodze, binti wa jirani yetu Charo, ameacha mbuzi wakaingia kwenye mihogo ya Shangazi Kadzo. Shangazi amemfukuza mpaka njiani akipiga kelele: "Utakipata unachokitafuta!" Kijiji kizima kimesikia. Halafu akarudi kuniuliza nitaoa lini. Nikamwambia mbuzi wakishiba mihogo. Hakucheka.

Jumanne, 7 Februari

Mamba amemchukua Mbodze.

Saa moja asubuhi, pale tunapoteka maji sote. Walikuwa wasichana watatu, yeye katikati. Wenzake wanasema hawakuona mnyama, waliona maji yamegeuka tu. Debe limepatikana. Yeye hakupatikana. Alikuwa na miaka kumi.

Tumezunguka na mitumbwi na mikuki mpaka saa kumi. Charo alikuwa anaingia majini, tunamtoa, anaingia tena. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 8 Februari

Matanga bila maiti. Watu wameketi, hawana cha kuzika.

Mchana minong'ono imeanza. Mtu mmoja amesema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Shangazi. Wakageuka wengine. Yeye alikuwa anachambua mchele, hakuona. Au aliona.

Kwetu wanasema mamba wa Mungu hali mtu. Anayekula mtu ametumwa na mtu. Nimelisikia hilo tangu nikiwa mdogo na nikalipita kama unavyopita kisiki unachokijua. Leo nimejikwaa.

Mimi najua sababu. Maji haba, samaki haba, mamba wamejazana kwenye vilindi vichache vilivyobaki. Sawa. Lakini wasichana walikuwa watatu. Mamba alikuwa na njaa kwa wote watatu. Kwa nini Mbodze? Na kwa nini asubuhi hiyo, baada ya maneno yale ya jana yake? Nimejiuliza mchana kutwa na sijapata kitu.

Alhamisi, 9 Februari

Nimewauliza watu watatu.

Mwalimu wa kanisa: ni mapenzi ya Mungu, usichunguze. Mzee wa Kiorma aliyevuka kupeleka fahali Garsen: "Mungu naandika. Mtu hapana soma." Dresa wa zahanati, mfunga vidonda na rafiki yangu: bahati mbaya, Karisa, mamba hachagui.

Majibu matatu, na yote ukiyakamua yanatoa "sijui." Wanaojua ni watu wa kijiji chetu peke yao. Wao wana jina kamili, la mtu, na nyumba yake wanaijua. Ndiyo maana wanasikilizwa.

Nina hasira tangu asubuhi. Nimemkaripia dereva wa lori bure.

Ijumaa, 10 Februari

Wamekuja. Charo, mzee wa kijiji na wazee wengine wanne. Hawakukaa walipokaribishwa.

Charo hakupiga kelele. Amesema tu, "Ulisema atakipata. Amekipata." Macho mekundu. Hajala tangu Jumanne, wanasema.

Nikafungua mdomo niwaeleze habari za maji na samaki. Shangazi akanitangulia. Amesimama, kanga imefungwa kiunoni, akasema, "Niliropoka. Lakini sikumtuma mnyama. Nileteeni kiraho. Nitakula papai mbele yenu nyote."

Wazee wakatazamana. Kiraho hakiombwi na mtu mwenye kosa. Mganga hupasua papai bichi, hupaka dawa ya unga, hulinenea maneno, na mshitaki na mshitakiwa wote wawili hula. Papai humkaba mwongo kooni. Wazee wetu walikuja na kiraho kutoka kusini, pamoja na majembe yao.

Mganga atakuja na basi la Malindi Jumatatu. Jumanne watakula.

Walipoondoka, Shangazi amekula sahani mbili za sima. Akalala saa hiyo hiyo. Mimi sikula. Akishindwa je? Atahamishwa, na uzee wake, aende wapi? Mamangu alipokufa ni yeye aliyenibeba mgongoni. Nilipobatizwa alisimama nje ya kanisa na kuku wawili, zawadi yangu, kwa sababu aliogopa kuingia. Sitaki kumpoteza kwa kipande cha papai.

Jumamosi, 11 Februari

Nimekwenda zahanati. Nimemuuliza dresa, bila kutaja mtu: papai linamkabaje mwongo?

Amecheka. Amesema si papai, ni mate. Mtu akiogopa, mate hukauka. Mwongo anaogopa, kinywa chake kinakuwa kikavu kama turubai, na papai bichi lenye unga haliteremki. Basi.

Nimefurahi kupita kiasi! Nilitembea kutoka kivukoni mpaka nyumbani bila kuhisi jua. Kitu kizima kimefunguka mbele yangu kama saa iliyotolewa mfuniko, unaona kila gurudumu.

Nimemweleza Shangazi yote. Nilidhani nampa zawadi.

Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kwa hiyo papai haliujui ukweli?"

Nikasema halijui.

"Na asiye na kosa, akiogopa?"

Nilipaswa kunyamaza. Mimi, na elimu yangu ya darasa la nne, nikasema kweli: huyo naye atakabwa.

Chakula cha jioni hakukigusa.

Jumapili, 12 Februari

Sikwenda kanisani. Shangazi amepika bila chumvi. Amepika tena, chumvi mara mbili. Anakwenda mlangoni, anarudi.

Mjinga ni mimi. Jana asubuhi alikuwa hana hofu hata chembe. Aliamini papai linamjua, na kwa imani hiyo mate yake yangekuwepo, na angelimeza kama ndizi. Dawa yake ya hofu ilikuwa kuamini. Nimeinyang'anya, na sina nyingine ya kumpa.

Mchana nimejaribu kurudisha. Nimemwambia labda dresa amekosea, labda papai linajua. Amenitazama kwa huruma. "Karisa, mwanangu, usinidanganye. Jana ulikuwa unang'aa."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimekwenda kwa mzee wa kijiji kumwomba aahirishe. Amesema aliyeomba ni mwenyewe. Kuahirisha ni kukiri. Kweli hiyo.

Jumatatu, 13 Februari

Nimemvusha mganga mwenyewe kwa mkono wangu. Basi lilifika saa saba. Mtu mfupi, koti jeusi, mfuko wa ngozi, kikohozi. Nilikuwa nimekusudia kumwambia pantoni ni mbovu. Sikuthubutu. Nikiwa najua kwamba si kitu, mbona nilimbebea mfuko wake? Nimeandika: abiria, mmoja. Amenishukuru vizuri kabisa.

Nikarudi nyumbani na ukwaju. Nimemwonyesha Shangazi: kipande kidogo, chini ya ulimi, kabla ya kuitwa. Ukwaju unaleta mate utake usitake. Nilimfanyia mwenyewe aone.

Ameushika mkononi muda mrefu. Amesema, "Maisha yangu yote sijaiba hata muhogo." Nikasema huu si wizi. Ameufunga kwenye pindo la kanga.

Jumanne, 14 Februari

Naandika haraka.

Kijiji kizima, asubuhi, uwanjani kwa mzee wa kijiji. Mganga amepasua papai, amepaka unga, amenena. Vipande viwili sawasawa.

Shangazi kwanza. Alikuwa anatetemeka, kila mtu aliona, na walianza kuguna. Amelitia mdomoni. Ametafuna. Niliona taya zake. Niliomba, sijui nilimwomba nani. Amemeza. Akafungua mdomo, mganga akachungulia, akasema hamna kitu.

Nilitaka kulia kwa furaha.

Kisha Charo. Hajala wiki nzima. Amelia mpaka sauti imekwisha. Ametafuna, ametafuna, akajaribu kumeza. Halikuteremka. Akajaribu tena. Macho yakamtoka, akashika shingo, akapiga magoti, likaanguka mavumbini likiwa kavu kama lilivyoingia.

Nyevu, mkewe, ndiye aliyeanza kurudi nyuma. Hatua moja, nyingine. Mkewe!

Jumatano, 15 Februari

Hukumu: Charo ndiye aliyemtuma mamba. Kwa mtoto wake. Amepewa siku saba akiri mbele ya wazee au ahame.

Sasa watu wamekumbuka mpunga wake. Mwaka jana ulizidi wa wenzake wote. Basi ndiyo hiyo, alimtoa binti kulipia mavuno yale. Juzi mpunga ule ulikuwa mpunga tu. Wanaosema hivyo walikuwa wanamshika mkono matangani.

Nyevu amekwenda kwa kaka zake, kijiji cha Chara.

Wanawake wawili wamekuja kumwomba Shangazi radhi. Ameingia ndani, akajifunga.

Alhamisi, 16 Februari

Najua kilichomkaba Charo. Kilio. Kilio nacho kinakausha mate.

Nikisema papai ni mate tu, kiraho chote kinaanguka, na Shangazi anarudi pale alipokuwa Ijumaa. Nikisema ukwaju, ni vibaya zaidi. Nikinyamaza, mtu aliyefiwa anafukuzwa kwa kumuua mwanawe.

Nimenyamaza.

Ijumaa, 17 Februari

Lori moja. Nimenyamaza. Charo amepita kivukoni, amesimama ukingoni, anatazama maji. Wavuta kamba wameacha kuzungumza. Nimejifanya naandika.

Naona haya.

Jumamosi, 18 Februari

Shangazi amesema.

Wazee walikuwa wamekaa kwa shauri la shamba la Charo, nani atalilima. Mimi nilikuwa nyuma. Ameingia bila kuitwa, akasimama katikati.

Amesema, "Nilikuwa na ukwaju kinywani. Niliogopa, nikautia. Charo hakuwa na ukwaju, alikuwa na msiba. Kama mnataka, leteni papai jingine. Nitalila kavu."

Hakunitaja. Nilingoja anitaje. Nilisimama nikasema ukwaju ni wangu, na mate, na dresa, na kila kitu, vurugu tupu, sina hakika nani alielewa. Mzee mmoja ametema mate chini. Mwingine amesema ndiyo matokeo ya kusomesha watoto. Mganga alishaondoka na basi la Alhamisi, nilimvusha.

Wamebishana mpaka jua likageuka. Mwisho mzee wa kijiji amesema kiraho kimeharibiwa, hakimfungi mtu yeyote, na hataki kusikia habari ya papai mpaka afe.

Kwa hiyo mkosaji ni nani? Hakuna. Watu wametoka uwanjani kama waliopotelewa. Jina walilokuwa nalo limechukuliwa na hawakupewa jingine.

Njiani Shangazi ameniuliza jambo moja tu. "Wewe ungesema lini?"

Sijui kama ningesema.

Jumapili, 19 Februari

Nimekwenda kanisani. Sikusikia neno.

Wanawake wanamwona Shangazi anakuja mtoni, wanajitwika madebe yao yakiwa nusu na kuondoka. Amebaki peke yake pale. Nimekwenda kusimama naye na mkuki. Mamba hakuonekana. Bado sijui kwa nini Mbodze. Nimeanza kufikiri kwamba swali lile halina mlango, na kwamba watu hawavumilii nyumba isiyo na mlango, basi wanabomoa ukuta wa jirani.

Jumanne, 21 Februari

Siku shwari. Malori matatu.

Jioni, kabla ya jua kuzama, Charo amekuja. Amesimama uani. Amekonda mno. Shangazi akamletea kigoda, akakaa.

Kwetu mtu hali chakula cha nyumba inayoshukiwa. Tangu msiba hakuna jirani aliyeonja kitu cha Shangazi, hata maji. Yeye naye analijua hilo. Hata hivyo ameingia jikoni, akatoka na sima na mchicha, akaviweka chini mbele ya Charo, akarudi kukaa karibu na moto bila kumkaribisha kwa neno.

Charo ameitazama sahani. Kisha amenawa. Amemega tonge, akatia mdomoni, akatafuna polepole. Shangazi alikuwa anatazama moto. Mimi nilikuwa natazama koo la Charo.

Amemeza. Akaomba maji, akanywa, akamega tonge la pili.

Shangazi akamwongezea mboga.