Bunduki ya Nyati kwa Nguruwe wa Mitundu

Magomeni, Dar es Salaam

Baba yangu,

Shikamoo. Na ya Mama imo humu humu, msigombanie. Mimi ni mzima, ila kichwa kinaniuma, na kinaniuma kwa ajili yenu. Macho yako yanaendeleaje, Baba? Uwele umefika wapi, na nguruwe wameshaanza?

Barua zenu zimefika zote, na ndizo zilizonivuruga. Ya kwanza inasema nitafute bunduki ya nyati, ile nzito, kwa sababu mtu aliyeangusha nyati ujanani hawezi kuonekana na kibunduki. Inayofuata, Kaka Elia kachomeka maneno yake: yeye anataka ya kupigia kanga. Halafu eti mwenyekiti wa kijiji anashauri ya tembo, ili vijiji vya jirani vituheshimu. Jamani! Kibali mlichonitumia ni cha bunduki moja tu. Tembo gani? Nyati gani? Tangu mhamie kijiji kipya hapo Mitundu, anayekula chakula chetu ni nguruwe pori, na anakula chini ya dungu lenyewe mnalolindia shamba. Msimu uliopita mlivuna nini? Mlivuna mabua. Nasema kwa uchungu, Baba, si kwa dharau.

Jumamosi nikaomba ruhusa kiwandani, nikaenda duka la silaha. Muuzaji akanipa ile ya nyati niishike, mikono ikachoka palepale. Akasema ina teke, asiyeizoea inamwachia bega bovu, na risasi yake ikimkosa mnyama inaenda mbali sana. Kwenye vichaka vyetu vile, utajuaje nani yuko ng'ambo? Akauliza nawinda nini. Nguruwe, nikasema. Mchana au usiku? Usiku, mbalamwezi ikiwepo. Karibu au mbali? Karibu kabisa.

"Basi wewe chukua ya marisau," akasema, maana yake ile inayomwaga punje nyingi za risasi kwa mara moja. "Gizani huwezi kulenga kwa kujidai."

Nikafurahi, nikaona kazi imekwisha. Ndipo akauliza, "Na anayepiga ni nani? Ana mwili gani?"

Nikaomba kiti, nikakaa.

Kwetu mnyama anahesabiwa kwa mwenye bunduki, hata kama aliyefyatua ni mwingine. Gobore la zamani hapo nyumbani ni lako, basi kila nguruwe aliyeanguka ni wako. Watu wanakuja kukupongeza, unakaa kitini unasimulia. Lakini Baba, jicho la kulia limeingia mtoto wa jicho na la kushoto liko njiani. Dunguni analala mdogo wangu Mariamu. Anayefyatua ni Mariamu. Nilimwona kwa macho yangu nilipokuja likizo, amekunja khanga nene begani ili gobore lisimvunje. Nilipofungua mdomo Mama akanikanyaga mguu. Basi hadithi ikakua, na leo mwenye hadithi anadai bunduki ya nyati!

Na wewe Mariamu unayemsomea Baba, usiruke mstari. Barua zote zile umeandika wewe; tangu umalize kisomo cha watu wazima mwandiko wako naujua. Baba anasema nyati, unaandika nyati. Elia anasema kanga, unaandika kanga. Ulishindwa kuchomeka neno lako, "Kaka, bega langu"? Umeniudhi kuliko wote. Haya, endelea kusoma.

Baba, nimechagua ya marisau, nyepesi. Kitako chake kilikuwa kirefu, fundi akataka kupima mkono wa mpigaji. Nikampa wangu, maana mimi na Mariamu mmetupima mgongo kwa mgongo tangu utoto na hatujapishana. Kimeshakatwa, hakiungiki tena. Wewe una mikono mirefu, ukijaribu kitakugonga shavu. Kibali kina jina lako na nguruwe wataendelea kuwa wako, simulia upendavyo. Ila jua likizama, bunduki ishikwe na mwenye bega lake.

Msalimie shangazi yangu anayetupikia togwa, na katekista aliyenibatiza. Kaka Elia mwambie kanga wanategwa kwa kamba, kama alivyonifundisha mwenyewe. Mwenyekiti mwambie tembo wakija, akawaite askari wa wanyamapori.

Nataka kuileta mwenyewe kwa treni mpaka Itigi kabla uwele haujakomaa. Lakini nijibuni kwanza, na katika jibu hilo Mariamu aandike mstari mmoja ambao hakuambiwa na mtu. Nikiikosa sauti yake humo, sipandi treni.

Mwanao anayekuheshimu hata akiwa na hasira,

Yohana