Nywele za Matanga

Mutuini, Jumatatu

Dada Maurine,

Hushiki simu zangu tangu mmzike Mama, kwa hivyo naandika. Huku tuko hai. Mvua imeozesha mboga zangu zote za sukuma, na yule kuku mweupe ameibwa.

Jumamosi, siku ya tatu baada ya mazishi, mlipokaa uani kwa Mama mkanyolewa nywele za matanga, mimi nilikuwa kazini mtaa wa Karen, nyumbani kwa Madam, nikichanganya vinywaji vya bathdei. Walitaka sherehe ya kisiwani, kila mtu na shati la maua. Chini unaweka sirapu nyekundu, katikati juisi ya embe, halafu vodka ya buluu unaimimina polepole juu ya mgongo wa kijiko ili rangi zisiingiliane. Mkono ukitetemeka, inakuwa kama maji ya mtaro. Glasi sita za kwanza nilizimwaga.

Nasikia unasema nilichagua kazi nikamwacha Mama. Madam aliniambia nikienda kuzika nisirudi, nikaogopa. Sina la kuongeza.

Lakini asubuhi hiyo ya Jumamosi, kabla sijatoka, nilichukua wembe nikajinyoa mwenyewe. Nilijikata mara mbili kisogoni, mahali ambapo wewe ungenishikia wembe.

Wageni waliponiona na upara walipiga makofi, wakidhani ni pambo la sherehe. Madam akanivika shada la maua shingoni, akasema sasa nimependeza. Nikasema asante, nikaendelea kumimina.

Nywele nimezifunga kwenye leso. Niambie zenu mliziweka wapi, nilete zangu.

Mdogo wako,
Naliaka