Filimbi Ninayo, Timu Sijui

Mpendwa mshauri Mama Irène, naomba msaada, lakini kwanza nikusalimie kama anavyosalimia mtu mwenye heri, maana mi ninayekuandikia ni mtu wa bahati, bahati ikishuka kutoka Gihosha haiulizi njia, inakuja moja kwa moja Buyenzi, hapa hapa Bujumbura, kwenye gereji yangu na kukaa juu ya tairi, na mwezi huu imeniletea kitu ambacho hata wenye diploma za kutundika ukutani hawajakipata: nimefanywa kocha mkuu wa timu ya basketi ya chuo kikuu, mi Tajudini, niliyeacha shule mwaka wa saba kwa sababu mwalimu na mi tulishindana nani anajua zaidi. Usicheke, Mama. Nimetembea, Dar nimefika, Lubumbashi nimefika, Dubai nimeiona kwa dirisha la uwanja wa ndege, na Kifaransa changu kinatosha kumfanya polisi wa barabarani acheke na kuniachia niende.

Chuo chenyewe sikitaji, kiko juu huko Gihosha, anayekijua amekwisha kijua. Nilifika pale kama fundi. Basi lao lilikuwa linazima kila likiona mlima, nikalitengeneza, na wakati nangojea injini ipoe nikawa naangalia mazoezi, na kuangalia bila kusema mi siwezi, nikamwambia kocha wao, Hugues, kwamba yule kijana mrefu anaruka kabla mpira haujatoka mkononi mwa adui. Hugues si mtu wa kiburi. Akaniambia nirudi kesho. Tangu siku ile nikawa msaidizi wake, mkataba sina, nina maji ya kunywa na heshima, vijana wananiita Kocha Taju, na sasa petroli inavyotafutwa kama bibi arusi aliyetoroka, basi limelala, mi ndiye ninayekwenda nao mechi kwa miguu nikiwatania mpaka wanasahau mlima.

Halafu Hugues akapata kazi kwenye chuo kingine, huko Dodoma Tanzania, akatuacha katikati ya msimu. Siku ya kuaga alitukusanya uwanjani, akavua filimbi yake shingoni, akanivalisha mi mbele ya vijana wote, akasema, "Taju, kamata hii." Wakapiga makofi. Sasa Mama, labda hujui mambo ya gereji. Kwetu Buyenzi bwana fundi akizeeka au akihama haandiki karatasi, anachukua spana yake kubwa, ile aliyokula nayo maisha, anamkabidhi mmoja wa wanafunzi wake mbele ya wenzake, na imekwisha hapo, gereji ni ya yule, hakuna wa kuuliza. Mi mwenyewe gereji yangu niliipata hivyo kwa marehemu mzee Chabani, Mungu amrehemu. Basi nikashuka Gihosha na filimbi shingoni, nikala nayo, nikanyolewa nayo, na kila aliyeniuliza nikamjibu kwamba timu ni yangu.

Mama mukubwa wangu Sijaona, ndiye aliyenilea, hakungoja. Alilia, akapiga simu mpaka kwa watu ambao nilidhani wamekufa, akapanga dua ya shukrani Jumapili hii, imamu amekwisha alikwa na sufuria za pilau zimekwisha azimwa mtaa mzima. Nilimwambia tungoje kidogo chuo kitangaze. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyemwaga maziwa.

"We Taju, Mungu akikupa, unamuambia angoje tangazo?"

Utauliza, mtu wa bahati anaomba msaada wa nini. Mama, silali. Chuo kimenyamaza kimya, na kimya chao kinazaa majina. Mara ni kocha aliyesomea Ubelgiji, anakaa Kinindo, ana gari lake. Mara ni mwanajeshi mstaafu anayefundisha watu kuruka kwa kuwatisha. Mara hakuna kocha kabisa, timu inafutwa, uwanja unajengwa maduka. Wiki hii alisimama mtu mmoja kando ya uwanja, miwani nyeusi, anaandika kwenye simu, vijana wangu wakaanza kutupa mpira kama watu wanaofukuza nyani shambani, na mi niliyekuwa nawaambia watulie nikapuliza filimbi bila sababu. Kumbe ni mtu wa maji, amekuja kuangalia bomba.

Lakini kilichonifanya nishike simu kukuandikia ni Musafiri. Musafiri ni nahodha wetu, kijana wa Uvira kule Kongo, walikimbia vita yeye na mama yake, chuo kinamsomesha bure kwa sababu anacheza, anasomea umeme na amebakiza mwaka wa mwisho. Na pale chuoni desturi ni kwamba kocha mkuu ndiye anayesema nani asomeshwe na nani aachwe. Hugues naye alipoingia aliwaacha baadhi akaleta wa kwake. Kwa hiyo kocha akibadilika, kila kijana anasoma huku anaangalia mlango. Sasa Hugues amemwita Musafiri amfuate Dodoma. Masomo yatalipwa, kitanda kipo, atarudi nyuma kidogo lakini atamaliza, ila jibu litolewe kabla ya Ijumaa, maana nafasi ni moja na kuna mwingine anayeitamani.

Musafiri akaja gereji. Akakaa juu ya ndoo niliyoipindua, ile mikono yake mirefu haijui pa kwenda.

"Kocha, niambie kweli. Timu ni yako?"

"We si uliona filimbi?"

"Filimbi niliona. Mi nauliza timu. Kama uko, nabaki, mama yangu hapa Buja hana mutu mwingine. Kama apana, naenda."

Nikamwambia niko. Nikaongeza na utani juu, nikasema mwaka ujao tukichukua kombe nitamfunga yeye juu ya basi tumzungushe mji mzima, na kama petroli hakuna tutalisukuma, akacheka, akaondoka mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Kesho yake akaja mama yake. Anauza samaki wadogo sokoni, ameniletea kifurushi cha ndagala kavu nzuri, akanishika mikono yote miwili ingawa ina oili.

"Papa Taju, valizi yake ya safari nilikuwa nimekwisha ifunga. Nimeifungua."

Zile ndagala ziko jikoni mpaka leo. Mke wangu Khadidja anauliza kwa nini sizili, mi nasema tumbo.

Sasa Mama Irène nishauri, nimwambie kijana angoje tangazo, au nimpigie Hugues nimuombe asogeze siku, au nimwone Madame Adélaïde, mkuu wa michezo pale chuoni, nimuulize imefika wapi, ingawa Madame Adélaïde nilikwisha mwona, nilimwona kabla Musafiri hajaja gereji, niliingia ofisini kwake na filimbi yangu, nikamtania, nikamuuliza ofisi yangu mi wataipaka rangi gani, yeye hakucheka, akaweka kalamu chini, akasema, "Bwana Tajudini, tunakushukuru kwa kushikilia mazoezi. Kocha mkuu hajachaguliwa. Na wewe hukuomba." Sikuomba, Mama. Sikujua kwamba inaombwa. Nikatoka nikicheka, nikapita mbele ya vijana nikicheka, na filimbi sikuivua.

Basi niseme tu, maana kidole kimechoka kuzunguka. Ile bahati niliyokuanzia nayo huko juu haipo. Mi si kocha mkuu, hakuna aliyenichagua, na siku nilipomwambia Musafiri niko, nilikuwa najua kwamba siko.

Tajudini, Buyenzi.

*

Mdogo wangu Tajudini,

Jibu hili nakutumia kwenye simu yako leo hii. Gazetini litatoka wiki ijayo, na majina nitayabadilisha, kwa sababu Ijumaa haingojei gazeti na wewe umekwisha chelewa vya kutosha.

Umenichekesha, nikakukasirikia kabla kicheko hakijaisha. Nianze na haki yako. Filimbi ulipewa kweli, makofi ulipigiwa kweli, na mtu aliyekulia gereji angeelewa vile ulivyoelewa. Hapo sikulaumu. Lakini Hugues alikuachia mazoezi ya kesho yake. Timu hakukuachia, haikuwa mali yake ya kurithisha. Chuo kinataka mtu aombe, halafu kinamkagua, halafu kinamnyamazia mpaka akonde. Kimya hicho ni kibaya, kinawatesa vijana waliolala na begi kichwani, na wakubwa wa vyuo wakisoma hapa wajue nawasema wao. Ila leo aliyeniandikia ni wewe.

Mpaka unaingia ofisi ya yule Madame ulikuwa mtu aliyekosea. Ulipotoka ukawa mwongo, na uongo wako wa kwanza haukumpata adui wala mshindani, umempata kijana aliyekuuliza vizuri, kwa sauti ya chini, akakuambia na sababu yake. Hakukuuliza kama wewe ni hodari. Uhodari wako anaujua, anapanda nao mlima kila wiki. Alikuuliza kama kuna daraja mbele, nawe ukamwambia avuke.

Najua kwa nini. Uliogopa kwamba usipokuwa kocha mkuu utarudi kuwa fundi wa basi. Nakuonea huruma, kweli kabisa. Lakini hofu yako isilipwe na masomo ya mtoto wa watu.

Angoje tangazo? Hapana. Tangazo halina siku, Ijumaa inayo. Umpigie Hugues? Hapana tena, anayehama si wewe. Musafiri atampigia mwenyewe, akishajua anachotakiwa kujua.

Funga gereji sasa. Usingoje jioni, jioni utapata mteja, utapata kiu, utapata sababu. Hiyo filimbi iache nyumbani. Nenda kwa Musafiri, na mama yake awepo, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua valizi. Usianze na utani. Najua utani ndiyo miguu yako, leo tembea bila. Waambie hivi: "Sikuchaguliwa. Uliponiuliza nilikuwa najua. Atakayekuja simjui, na sijui kama atakubakiza." Kisha funga mdomo. Wakikutukana, kaa. Mama akilia, kaa. Usimwambie kijana aende, usimwambie abaki, ukiongeza neno hapo utakuwa unatafuta kupendwa tena. Akiamua kwenda, mbebee mzigo mpaka anapopandia gari. Akiamua kubaki na anajua kila kitu, ni akili yake, na utaiheshimu.

Mama mukubwa Sijaona umwambie baada ya Musafiri, usigeuze, maana ukianza na yeye atakuliza na utakosa nguvu ya kwenda kwingine. Mimi si Mwislamu, nimemuuliza jirani yangu Hayat, naye amenicheka. Amesema kumshukuru Mungu kwa kilichopatikana kuna nia yake, na kumuomba ambacho hakijapatikana kuna nia yake, pilau ni ile ile. Basi watu wasirudishwe. Abadilishe nia, na wewe ukae mbele ya walewale uliowaringia, uombewe. Aibu hiyo haiui, na nusu yao wanakuja kwa ajili ya nyama.

Jumatatu panda Gihosha ukaombe kazi, kama wanavyoomba wengine. Mwambie Madame Adélaïde mwenyewe kwamba uliacha shule mwaka wa saba, kabla hajakuuliza, na umwambie pia unayoyaona kijana anaporuka. Inawezekana wakampa yule wa Kinindo mwenye gari. Wakimpa, nenda umsalimie, umuulize kama anahitaji msaidizi, na uache kumwekea jina la utani angalau wiki ya kwanza. Sikuahidi kitu. Wenye chuo ndio wenye neno, na mimi na wewe hatujui watasema nini.

Lakini hayo ni ya Jumatatu, na ni ya kwako. Ya leo ni ya Musafiri. Usiniandikie kunishukuru wala kuniambia kwamba umenielewa. Niandikie Musafiri amesema nini, hata kama amesema hataki kukuona tena.

Mama Irène