Alama ya Dari ya Gari

Bishan, Chongqing

Mdogo wangu Yizhen,

Salamu zikufikie huko maabara ya kiwanda cha magari, wewe na pua yako. Sisi wazima, Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kunigombeza anayo. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekukatiza.

Habari ya kwanza unaijua. Kitambaa changu cha kufunika dari kwa ndani kimekataliwa kwenye gari lenu jipya. Nilianza na cherehani moja ya mkopo, leo watu kumi na tisa wanakula kwa kazi hiyo. Gari lenu lilipokuwa bado sanamu ya udongo ya mfano, mimi nilishapima kichwa cha abiria wa nyuma. Mkaweka paa la kioo, theluthi ya kitambaa changu ikaenda, nikakata upya. Mkaliinua gari kidogo lipite barabara mbovu, mkatia skrini kubwa kama meza ya karata, na gharama zote mkazikata kwenye bei yangu. Nikasaini.

Kisha harufu. Meneja wenu wa ununuzi alinieleza kwamba mteja wa siku hizi akifungua mlango hunusa kwanza, injini baadaye. Kwamba kipande changu kilitiwa kwenye chupa, kikapashwa moto, watu watano wakanusa. Kikapata alama nne na nusu za uvundo, na kinachopita hakizidi tatu. Nikamuuliza watano gani. Akacheka, akasema chupa zina namba tu, bosi, anayenusa hata ya mama yake asingeijua. Nikajua mmoja ni wewe.

Nilikusema vibaya. Nilimwambia Mama kwamba umesoma kwa jasho langu, leo unanifungia mlango. Akanijibu kuwa mtoto wa Chongqing aliyeacha pilipili na vitunguu saumu ili kulinda pua ya kazi hawezi kudanganya kwa pua. Kwani amebakiwa na nini kingine?

Juma lililopita Mama alikuja karakanani kunipikia mbavu za nguruwe, akaniachia jiko. Nikasimama kando nikipiga hesabu. Akapiga kelele kutoka uani: we Suqiong, unachoma nyumba? Nikatazama, sufuria limeungua likawa jeusi mbele yangu. Nikaenda nikafungua pipa la gundi, nikainama. Nikaponda ile pilipili yetu inayotia ulimi ganzi kiganjani. Sikusikia harufu yoyote. Ni kama kunusa maji.

Daktari anasema ni gundi ya miaka yote hii, na pua hairudi. Basi nne na nusu yenu ilikuwa haki.

Sikuombi unipunguzie alama. Sampuli mpya inakuja na namba yake, inuse kama zingine. Ninachotaka ni uje sikukuu ya mwaka mpya, uingie karakanani kabla sijafungua madirisha, uniambie hawa kumi na tisa wanavuta hewa ya aina gani. Mimi siwezi tena kujua.

Mama anakusalimu. Lile sufuria la pande mbili za mchuzi, la wasioweza pilipili, aliloapa halitaingia kwake akiwa hai, amelinunua. Upande wako hautakuwa na pilipili.

Dada yako,
Tan Suqiong