Baba, Hatimaye Tumezisikiliza Zile Dakika Nne

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipotoka nyumbani na soksi mbili zisizofanana, maikrofoni nne na chupa ya chai, ukamwambia Mama utarudi saa tisa. Mpaka leo redio ikitangaza saa tisa, Mama hugeuza shingo kutazama mlango. Watu wanatuambia mwaka ukipita mtu huzoea. Sisi hatujazoea, tumeduwaa tu.

Anayeandika ni mimi, binti yako mkubwa, yule uliyempa jina la Kelele kwa sababu hukuwahi kurekodi kitu hapa nyumbani bila kunasa kikohozi changu, kicheko changu au mlango niliobamiza. Kaka alitaka tangazo fupi la kumbukumbu gazetini, lenye picha yako ile ya tai. Nikamwambia tangazo fupi ni la familia isiyo na jipya la kusema. Sisi tunalo. Tumesikia jambo ambalo bado linatutetemesha, na tunakuambia wewe kwanza. Majirani nao watasoma hapa hapa.

Kwa wasiokujua: siku za kazi ulikuwa fundi mitambo wa redio, ukipangusa kanda za zamani na kuzihamishia kwenye kompyuta. Jumamosi ulikuwa wa selo. Miaka kumi na minne ulirekodi kundi la watu wanne, violini mbili, viola na selo, vyombo vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde, wakipiga ule muziki wa Kizungu wa kupigwa chumbani, usio na mwimbaji, usio na ngoma na, kwa maneno ya Mama, usio na haraka. Selo yenyewe aliiita gitaa la mtu mzima. Ulicheka kila alipolisema, kama vile ndiyo kwanza unalisikia.

Hukuwa na mbwembwe. Kabla ya kurekodi ulivua viatu, ukavua saa ya mkononi, ukazima kila kinachovuma. Adui yako mkubwa alikuwa friji. Uliichomoa kwenye umeme, halafu ukaweka funguo zako ndani yake, juu ya mtungi wa maji, ili usiweze kurudi nyumbani kabla hujaikumbuka. Mara moja tu ulisahau kuziweka, hapa hapa kwetu, na maziwa yote ya Mama yakachacha. Habari ya maziwa yale tumelishwa kwa miaka tisa.

Nilipokuwa mdogo nilidhani funguo za akina baba wote huwa za baridi.

Noti ya mwisho ikipigwa, hakuna aliyeruhusiwa kusogeza kiti wala kushusha upinde. Sauti iachwe iishe yenyewe chumbani. Wewe ulikaa nyuma yao, pembeni, usiwababaishe, hedifoni masikioni na daftari pajani. Ukiridhika ulisema neno moja: "Imeingia." Hapo watu wanne wanapumua kwa pamoja. Usiposema kitu, wanajua wanarudia.

Mpiga selo tunamwita Mwalimu, kwa sababu anafundisha hesabu katika shule ile mliyokuwa mkirekodia maktabani. Ana tabia ya kuvuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kabla ya kila mstari. Siku moja alikuomba uzifute pumzi zake kwenye rekodi, zinamtia aibu. Ukamwambia, "Nikizifuta, watu watadhani selo imejipiga yenyewe. Waache wajue palikuwa na mtu." Hukuwahi kufuta pumzi ya mtu yeyote. Bibi alipolazwa uliwapelekea wagonjwa wa wodi nzima nakala, na yule mzee wa kitanda cha dirishani akakuuliza huyo anayenusanusa ni nani. Ulirudi nyumbani umefurahi kana kwamba umepandishwa cheo.

Na mimi ulinifundisha jambo moja tu la kazi yako. Nilikuwa nimeikodolea macho sindano ya mtambo inayopima sauti, nikikusomea namba. Ukaifunika kwa kiganja. "Kelele, usiniambie sindano inasema nini. Niambie umesikia nini."

Ningelishika hilo, Baba, nisingekuwa na la kuungama leo.

Siku ile simu ya Mwalimu iliingia saa nane kasoro. Alisema neno moja, "Njooni," na hatukumwelewa. Mtu aliyeondoka asubuhi akipiga mluzi, unaelewaje? Daktari alitueleza kwamba moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata ungekuwa umeketi mlangoni kwake asingeweza kitu. Daktari hatukumsikiliza. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kumlaumu, na mimi ndiye niliyempata.

Siku ya pili nilikwenda maktabani kuchukua vyombo vyako. Daftari lilikuwa bado kwenye kiti. Umeandika kwa penseli, mwandiko umenyooka: mwisho wa noti, 26:40. Nikatazama kinasa sauti. Kilikuwa kimesimama kwenye 30:52. Nikapiga hesabu hapo hapo, nimesimama, bila kuvaa hedifoni. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nikaamua kwamba waliuzima mtambo walipokugundua, kwa hiyo dakika nne zote walikaa wamekupa mgongo, pinde hewani, wakingoja useme imeingia.

Nilimwambia Mama hivyo hivyo. Na Mama, mbele ya waombolezaji, alimwuliza Mwalimu, "Mwanangu, dakika nne nzima hukugeuza hata shingo?"

Mwalimu alitazama sakafu. "Sikumbuki, Mama. Nakumbuka tulisubiri. Kama mmeona ni nne, basi ni nne."

Wenzake nao walikuwa wamechanganyikiwa. Wa violini mmoja alisema ni dakika moja, mwingine akasema ni tano. Wa viola alikuwa amekimbilia barabarani kutafuta gari. Tulijua Mwalimu alikubonyeza kifua, tuliambiwa. Tulidhani alianza wakati umekwisha kupita.

Baada ya wiki moja alikuja mlangoni na funguo zako amezifunga kwenye leso. Zilikuwa zimebaki ndani ya friji ya walimu, chumba cha pili kutoka maktabani, na hakuna aliyekuwa amewaza kuifungua. Mama alizipokea akafunga mlango. Hakusema hata karibu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikaona sawa. Leo nikiikumbuka ile sura yangu nyuma ya pazia natamani kuipiga kibao.

Tangu hapo Mwalimu hakupiga tena. Tulisikia selo ina ufa, kwamba iligongwa mahali, na kwamba ameifungia kwenye mkoba wake nyuma ya kabati. Kundi likavunjika, maana watatu hawawezi kupiga vitu vya wanne. Rekodi ya siku ile tukaiweka kwenye droo. Kila aliyepita pale alipita upande.

Wiki tatu zilizopita, tulipokaa kupanga kumbukumbu hii, Mama alipiga meza. "Leteni hicho kidude. Nimechoka kuogopa droo yangu mwenyewe."

Tulikaa watatu, Mama, Kaka na mimi. Muziki ulikuwa wa polepole, na mwisho wake unaachiwa selo peke yake, chini kabisa, mpaka hujui kama bado unaisikia au unaikumbuka tu. Namba zikafika 26:40. Tukasikia penseli yako. Baba, tumeisikia penseli yako ikikwaruza karatasi! Mama aliziba mdomo. Halafu kiti chako kililia kidogo, ukashusha pumzi moja ndefu, na kitu chepesi kikaanguka sakafuni. Nadhani ni hedifoni. Nikafumba macho, nikajiandaa kwa dakika nne.

Zilikuwa sekunde kumi na moja. Nimezihesabu mara sita tangu siku hiyo.

Ya kumi na mbili ni sauti ya Mwalimu, "Mzee?" Kisha ukaja mshindo uliomrusha Kaka kwenye kiti: mbao kupiga sakafu, na nyuzi zote kupiga ukelele kwa pamoja. Ni selo hiyo. Mtu ambaye hakuwahi kuiegemeza hata ukutani, aliiachia itoke mikononi kama ndoo. Kisha miguu, na sauti yake tena, kali, ya darasani. "Mshikeni kichwa! Wewe, kimbia katafute gari!" Na baada ya hapo akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Tena moja. Mwalimu wa hesabu, hakuruka hata namba moja. Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi aliivuta kwa pua, ile ile, halafu akasema, "Sema basi, Mzee. Sema imeingia." Moja, mbili, tatu. Mwishoni mlango ukafunguliwa, mtu akasema gari liko nje, mguu ukajikwaa kwenye waya, kimya. 30:52.

Dakika nne zile zilikuwa za mikono yake juu ya kifua chako.

Hatukuweza kutazamana. Mama alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kelele. Uliisikiliza hii?"

"Sikuisikiliza, Mama. Nilipiga hesabu."

"Ulipiga hesabu!"

Sijawahi kugombezwa zaidi ya hapo.

Alasiri hiyo hiyo tulikwenda kwake. Tulimkuta mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Mama hakujua aweke wapi mikono. Nikamvalisha hedifoni zako tu. Alisikiliza amesimama. Ilipofika ile "Mzee?" yake, alikaa chini sakafuni, kalamu nyekundu bado mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka mzima," alisema, "mwaka mzima najua nilimuua Mzee kwa adabu."

Mama alishuka naye chini, na goti lake lile bovu. Akamshika mikono, akaigeuza, akaitazama viganja kama anayetafuta kitu alichopoteza. "Nisamehe, mwanangu. Nilikufungia mlango. Nisamehe."

Nami nikamwomba msamaha, kwa sauti ndogo isiyolingana na jina langu. Mwalimu akajifuta uso kwa mkono wa nguo. "Kutoa ulitoa sawasawa, Kelele. Ulikosea swali."

Tukacheka, Baba. Tulikuwa tunalia na tukacheka, na Mama ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

Jumamosi iliyopita alikuja hapa nyumbani na selo. Ufa umegundishwa na seremala wa makabati, na mstari wake unaonekana tangu mlangoni. Alisema vidole vimekuwa vizito, na kwamba hana wenzake, kwa hiyo angepiga sehemu yake peke yake, ile ile ya siku ile. Mama hakuambiwa na mtu. Alikwenda jikoni akaichomoa friji, akaweka funguo zako juu ya mtungi wa maji. Kaka akavua saa. Mimi nikavua viatu, nikakaa juu ya mikono yangu.

Mwalimu alivuta pumzi kwa pua, akaanza. Palipokuwa na zamu ya violini alisubiri, midomo ikihesabu, na sisi tukasubiri naye. Miaka yote ulituomba dakika moja ya kimya katika nyumba hii na tukakunyima. Siku hiyo tulikupa dakika ishirini na sita. Sikukohoa.

Noti ya mwisho ilikwenda ikaisha. Upinde haukushuka. Mwalimu alibaki ametazama mbele, shingo imekakamaa, na sote tulijua anasubiri nini na anaogopa nini. Nyuma yake, pembeni, kipo kiti chako. Mama alikuwa amekikalia. Mama yule yule wa gitaa la mtu mzima.

"Imeingia," akasema.

Mwalimu akageuza shingo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa anaiita selo kwa jina lake. Na mwanao, aliyerithi soksi zako. Na mimi Kelele, ninayesikiliza kwanza siku hizi. Na dada yako, Shangazi yetu, na wajukuu wako watatu, ambao wanauliza kwa nini kuna funguo karibu na maji. Unakumbukwa pia na Mwalimu, ambaye kuanzia leo anaandikwa humu kama mtoto wa nyumba hii.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba. Jumamosi wale watatu wenzake Mwalimu wanarudi, na funguo zako zitakuwa ndani ya friji.